Siku Niliyoipumzisha Mashine ya Upepo

Kazi yangu ni kuuza maji. Nina punda wawili na madumu manane. Asubuhi naenda kisimani, najaza, napita nyumba kwa nyumba. Napiga hodi, namimina, naondoka. Watu wananiita Bwana Taratibu, kwa sababu sijawahi kumkimbiza punda. Wengine husema punda wangu wanalala vizuri kuliko mimi. Ni kweli, wala sioni haya.

Nilikuwa na sheria moja. Siku ya saba punda hafanyi kazi. Namtua mzigo, namfungua kamba, namwacha agaegae mavumbini mpaka aridhike. Nilijivunia sana sheria hiyo. Sasa sikilizeni jinsi ilivyoniponza.

Mke wangu ni mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni chake. Humo alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kila jioni alisimama ameshika magoti kwa maumivu. Umeme haukuwa umefika kwetu. Nguzo zilipandishwa kutoka sokoni, zikafika nusu ya kilima, zikakoma hapo. Nadhani zilichoka.

Kitu ambacho hatukukosa ni upepo. Ulitubamizia milango. Ulichukua shuka kwenye kamba na kuzipeleka kwa majirani. Mke wangu alizoea kusema, "Upepo huu ungekuwa na akili ungenikanyagia cherehani."

Kumbe inawezekana. Mwaka huo alikuja fundi wa mashine za upepo, binti mmoja mpole mwenye mkoba mzito. Alisema upepo unaweza kuzungusha mapanga, mapanga yakazungusha jenereta ndogo, na jenereta ikatoa umeme. Siku ya kwanza hakuja na mashine. Alikuja na mti mrefu.

"Mama, una vitambaa vya kutupa?" alimuuliza mke wangu.

"Mwanangu, hivyo ndivyo nilivyojaliwa," mke wangu alijibu, akamletea kapu zima.

Fundi akafunga kitambaa chini ya ule mti, kingine katikati, kingine juu kabisa. Akausimamisha uani.

"Kazi yenu ni kutazama tu," alisema. "Miezi mitatu. Mniambie kila kitambaa kinafanya nini."

Mke wangu alitazama. Kitambaa cha chini kilijikunja na kujipiga huku na huku. Cha katikati vilevile. Cha juu kilinyooka moja kwa moja, siku baada ya siku.

"Chini upepo unagonga kuta na mapaa," fundi alieleza. "Unavurugika. Hauna faida kwa mashine, unaitikisa tu. Juu unapita bila kizuizi. Basi mashine yenu itakaa juu, tena mbali kidogo na nyumba."

Ilisimamishwa kwenye mlingoti wa chuma wa mita kumi na mbili, nyuma ya uwanja. Ilikuwa na mapanga matatu ya mbao. Nyaya zilishuka hadi chumba cha kushonea, kwenye kisanduku cha kuongoza umeme, kisha kwenye betri. Betri ndiyo ghala. Upepo ukilala, unatumia ulichoweka.

Fundi akapanga siku ya kutufundisha. Alisema tuwepo wote wawili.

"Mwambie huyo binti mimi nimetunza viumbe vya kazi kabla yeye hajazaliwa," nilimwambia mke wangu. Nikaswaga punda wangu nikaenda zangu kisimani.

Niliporudi, mke wangu alinisubiri mlangoni.

"Amesema tusichomoe waya za betri mashine ikiwa inazunguka," aliniambia. "Tukitaka kuisimamisha, tushushe hii swichi nyekundu hapa ndani. Hii ndiyo breki. Na tukiona upepo unakuja mkali, tuishushe mapema, tusingoje."

"Sawa, sawa," nilisema, huku nikivua viatu.

"Hujasikia."

"Nimesikia, mama watoto!"

Sikusikia. Maneno yalipita kama yanapita kwa jirani.

Miezi minne tulikaa raha. Mke wangu alifungiwa mota kwenye cherehani. Alishona sare za shule na magoti hayakumuuma. Watoto walisoma kwenye taa. Majirani walikuja kuchaji simu, wakakaa kwa mazungumzo hadi wakasahau walichokuja kufanya.

Mimi nikaanza kuionea huruma mashine. Naomba msicheke. Niliiona inazunguka mchana, inazunguka usiku, hakuna siku ya saba. Nikasema moyoni, huyu atakufa kwa kazi.

Basi siku moja ya mapumziko, saa nne asubuhi, niliingia chumba cha kushonea, nikachomoa waya za betri. Nikatoka nje nikasimama karibu na mlango. Nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimemtua mzigo.

Upepo ukaongezeka. Mashine ikaanza kukimbia. Ilikimbia kuliko nilivyowahi kuiona. Mapanga hayakuonekana tena, ilikuwa duara tupu la kijivu. Sauti ikapanda, ikawa mluzi.

"Mwoneni anavyofurahi!" niliwaambia majirani wawili waliokuwa wakipita njiani. "Kama punda aliyefunguliwa!"

Mke wangu alikuwa kwenye kamba, anaanika nguo. Akatazama juu.

"Baba watoto, umeigusa?"

"Nimeipumzisha."

"Umechomoa waya?" Akaangusha nguo chini. "Shusha swichi nyekundu! Haraka!"

"Mwache apumue kidogo."

"Nakuomba, shusha swichi!"

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Mbili tu. Yeye alikuwa upande wa pili wa uwanja. Nilikunja mikono nikatabasamu, na yeye akaanza kukimbia kuelekea ndani ili afanye nilichokataa kufanya.

Panga moja likakatika. Lilishuka kwa kasi, likampiga mkono wa kulia, hapa juu ya kifundo. Mlingoti ukatikisika, mapanga mawili yaliyobaki yakajivunja yenyewe, kukawa kimya.

Hospitali waliunga mfupa. Vidole havikurudiwa na nguvu. Daktari alisema mishipa imekatika vibaya, na mkono ule hautashika sindano tena. Alisema kwa upole, akimtazama mke wangu. Mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Na mkasi?"

"Hata mkasi, mama."

Alikuwa na miaka kumi na tisa katika ushonaji.

Watu walipokuja kutupa pole, waliuliza ilikuwaje. Hapo nikafanya kosa la pili, na hili silisingizii kutojua. Nilisema, "Upepo ulikuwa mkali mno. Umevunja mashine." Mke wangu alikuwa amelala pale pale kitandani. Alinisikia. Akageukia ukutani.

Fundi alifika baada ya siku tatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye betri, akaona waya zimening'inia.

"Baba, nani alichomoa?"

"Mimi. Nilimpumzisha."

Alizishika waya zile, akazitazama. Kisha akatoa jenereta ndogo mkobani, yenye mhimili wa kuzungusha kwa mkono na nyaya tatu zimetokeza.

"Zungusha," aliniambia.

Nilizungusha. Ilikuwa nyepesi, ikakimbia yenyewe.

"Nyaya haziendi popote. Hakuna anayechukua umeme. Sasa zungusha tena." Akagusanisha nyaya zote tatu pamoja. Nilipojaribu kuzungusha, kitu kilinishika mkono. Ilikuwa nzito kama ndoo iliyojaa. Nilikaza meno, na bado ilisogea polepole tu.

"Umeme ukipata njia, unaivuta jenereta nyuma," alisema. "Punda ukimtua mzigo, anapumzika. Mashine hii ukiitua mzigo, inakimbia mpaka ijivunje. Mzigo ndio unaoishika. Ndiyo maana betri ikijaa, kisanduku hiki kinapeleka umeme wa ziada kwenye hita ndogo ile niliyoifunga ukutani, ili mashine isibaki bila kazi hata dakika moja. Ulipochomoa betri, nacho kisanduku kikazimika. Na swichi nyekundu inagusanisha nyaya kama nilivyofanya mimi sasa hivi. Ukiishusha kabla upepo haujawa mkali, mapanga yanatulia."

Nilitazama mkono wangu. Somo lote lile halikuzidi dakika tano.

"Mama alizungusha jenereta hii hii siku ile ya mafunzo," fundi aliongeza. "Alielewa mara moja."

Basi mke wangu alijua, na alijua kwa mkono wake. Mimi nilikuwa kisimani najisifu.

"Baba, waambie watu ukweli," fundi alisema wakati wa kuondoka. "Wataiogopa bure mashine."

"Nitawaambia," nilijibu.

Sikuwaambia. Miezi minane ilipita. Fundi aliturudishia mashine na mapanga mapya, na safari hii nilikaa kufundishwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kila asubuhi nilikagua nyaya zinazoushikilia mlingoti. Kila wingu zito lilinikuta nimeshashusha swichi. Nyumbani kulikuwa na taa. Cherehani ilikaa imefunikwa. Mke wangu alizungumza nami mambo ya unga na chumvi, basi.

Kisha kikaitishwa kikao kwenye uwanja wa zahanati. Mkunga wetu alitaka mashine ya upepo. Alisema amechoka kuzalisha wanawake huku ameng'ata tochi. Fundi alikuwepo. Mti wa vitambaa ulikuwa umeshasimama pale miezi mitatu, na kitambaa cha juu kilinyooka vizuri. Nilidhani jambo limekwisha.

Akasimama muuza mkaa, mtu anayeheshimika.

"Mkunga, tunakuonea huruma," alisema. "Lakini mnataka kuweka kitu hicho juu ya wajawazito? Mshonaji wetu yuko wapi? Upepo umemnyang'anya mkono. Mumewe mwenyewe alituambia. Mimi nasema hapana."

"Hapana!" watu waliitikia. Mikono ikaanza kunyooshwa kupinga.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Hakugeuka kunitazama. Angeweza kusimama akasema neno moja. Alitulia, mkono wake mbovu umelala mapajani.

Mkunga aliinamisha kichwa. Nilimwona anakunja karatasi zake.

Nikasimama. 

"Si upepo," nilisema.

Watu wakanigeukia.

"Ni mimi. Nilichomoa waya za betri, mashine ikabaki bila mzigo, ikakimbia mpaka ikavunjika. Fundi alitaka kunifundisha, sikwenda. Mke wangu alinikataza, sikumsikiliza. Aliniomba nishushe swichi nikiwa mlangoni, nikatabasamu tu. Alipigwa akikimbia kwenda kuishusha yeye. Kisha nikawadanganya nyote, tena mbele yake."

Muuza mkaa alimgeukia mke wangu. "Shemeji, ni kweli hayo?"

"Ni kweli," alisema. "Miezi minane nimemsubiri ayaseme."

Sikuweza kuinua uso. Nilimsikia fundi akifungua mkoba wake na kuwaita watu waje wazungushe jenereta, mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake. Muuza mkaa alikuwa wa kwanza. Alizungusha mara tatu, nyaya zimeachana na nyaya zimeshikana, akabaki anautazama mkono wake.

Mashine ya zahanati sasa ina mwaka na miezi miwili. Watu wanne wamefundishwa kuitunza, na zamu yao imeandikwa ukutani. Swichi nyekundu iko karibu na meza ya mkunga. Mkunga anafanya kazi na taa mbili, na tochi amempa mlinzi. Hajapata kuumia mtu yeyote.

Siku ile ya kikao, njiani kurudi nyumbani, nilimwomba mke wangu msamaha.

"Mkono nilikusamehe zamani," alisema. "Hukujua. Ule uongo ndio ulionikalia kooni."

"Na sasa?"

"Sasa tutaona."

Tumeona. Siku hizi tunacheka tena, na ananitania kuhusu punda kama zamani. Ana wanafunzi watatu wa ushonaji. Anapima yeye, anaelekeza yeye, wao wanakata na kushona kwa ile cherehani ya mota. Kazi yao inasifiwa.

Lakini mteja akiingia ghafla na kitambaa kizuri, mke wangu bado huunyoosha ule mkono wa kulia kuuchukua mkasi. Vidole huugusa, haviushiki. Mwanafunzi mmoja husogea haraka akauokota, na mimi, kama nipo, hutoka nje.