Ploti ya Ishirini na Tano

Mwaka wa 1956 mjomba wangu Khaemba alikuwa karani kwenye shamba la kujaribia ngano, huko juu Dundori. Mzungu mwenye shamba aligawa konde moja kuwa ploti ishirini na nne, kila moja akaizungushia kamba ya katani. Hakutaka mtu achague mbegu gani ipandwe wapi. Mtu hupendelea, alisema. Bahati haijui kupendelea. Kwa hiyo Hiram, fundi wa mbao, alichonga vibao vidogo, akaviandika namba moja mpaka ishirini na nne, akavitia ndani ya mkebe. Kazi ya mjomba ilikuwa kutikisa, kutoa kimoja bila kuangalia, na kuandika.

Asubuhi ya kazi hiyo jua lilikuwa zuri. Mjomba na Hiram walikuwa wawili tu stoo. Mbegu ya kwanza ikapata ploti ya sita. Ya pili, kumi na tisa. Ya tatu, mjomba akatoa kibao, akakigeuzageuza.

"Hiram, ulichonga vingapi?"

"Ishirini na nne. Kwani?"

Akamwonyesha. Kilikuwa kimeandikwa ishirini na tano. Mwandiko ulikuwa wa Hiram mwenyewe.

Hiram akacheka, akakitupa nje. Mjomba akatikisa tena. Akatoa. Ishirini na tano.

Hiram, aliyesimama dirishani, hakucheka tena. Mwisho wa konde, mahali palipokuwa nyasi tupu, palikuwa na ploti nyingine. Vigingi vinne. Kamba mpya. Udongo uliolimwa, bado una unyevu.

"Kuna mtu anatuchezea," akasema, akatoka kwenda kuving'oa.

Mjomba alimwona akiivuka kamba. Ilimfika chini ya goti tu. Akavuta kigingi, kikakataa. Akageuka arudi. Akainua mguu. Ukarudi chini palepale. Akajaribu upande wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Mjomba akakimbia. Alimkuta Hiram ametitia hadi magotini.

"Usiingie," Hiram akanong'ona. "Nenda utoe namba ingine. Haraka, ndugu yangu."

Akarudi stoo mbio. Akatoa. Ishirini na tano. Akamwaga mkebe wote sakafuni, akavipapasa kimoja kimoja.

Vyote vilikuwa ishirini na tano.

Aliporudi, udongo ulikuwa umefika kifuani. Mjomba akanyoosha mkono juu ya kamba. Hiram akaushika. Hakupiga kelele. Alishika tu, mpaka vidole vyake vikateleza, kimoja baada ya kingine.

Palibaki nyasi. Hata hazikuwa zimekanyagwa.

Askari walichimba siku mbili. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Wakaandika kwamba Hiram ameingia msituni kwa wapiganaji, wakaenda zao. Mkewe alikuja kila Jumapili kusimama pale, mpaka akahama.

Mjomba alivaa mikono mirefu maisha yake yote. Alipofariki, ni mimi niliyemwosha. Kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na alama za vidole vitano, zimezama ndani ya ngozi. Udongo ulikuwa unatoka humo. Nikabadilisha maji mara tatu.

Beseni lilibaki jeusi.