Kumi na Wanane Wadai Mkataba

Hamisa alikuwa fundi wa kushona magunia kwenye ghala moja la ufuta huko Kurasini. Kila alfajiri alitoka nyumbani kwake Mtoni, akasimama getini na wenzake. Nyapara Shomari alitoka na kuwachagua wa siku hiyo. Miaka sita Hamisa alichaguliwa, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wote.

Siku moja sindano ya mashine ilimtoboa kidole. Alijitibu mwenyewe. Asubuhi iliyofuata alifika getini na bendeji.

"Leo hapana," Shomari alisema. "Wewe ni kibarua tu, mama. Nenda ukapone."

Jioni jirani yake, Bupe, alikuja kumjulia hali. Bupe alikuwa mtumishi wa chama cha wafanyakazi.

"Mkataba wako unasemaje ukiumia kazini?" aliuliza.

"Mkataba gani, dada? Mie kibarua."

"Neno hilo unajua limetoka wapi? Kibarua ni barua ndogo. Enzi za mkoloni, mtu alipewa kikaratasi, kila siku aliyofanya kazi ikawekwa alama. Wewe leo hata kikaratasi hicho huna."

Maneno hayo yalimchoma Hamisa kuliko sindano.

"Sheria inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi," Bupe aliendelea. "Na ukiumia kazini, kuna fidia."

"Nikidai, kesho simo."

"Ukidai peke yako. Mwaka 1947 makuli wa bandari waligoma hapa hapa Dar. Waligoma pamoja, na hali zao zikaboreshwa."

Hamisa aliinua uso. "Babu yangu alikuwa kuli bandarini. Nilikuwaga naona haya kumtaja."

"Haya ya nini? Wale ndio waliotufungulia njia."

Usiku ule Hamisa alimwambia mumewe, Mwishehe. Mwishehe aliogopa. "Mama Farhan, tukikosa hata hicho kidogo?"

"Babu yangu naye alikuwa na watoto," Hamisa alijibu.

Kidole kilipopona alirudi getini, akazungumza na wanawake wenzake, mmoja mmoja. Kumi na wanane walijiunga na chama. Bupe aliwasaidia kuandika barua, wote wakatia saini.

Meneja akaiona. "Njooni ofisini mmoja mmoja," alisema.

"Barua ni moja, bosi," Hamisa alisema. Hakurudi nyuma. "Na sie tumekuja pamoja."

Wiki mbili walizungushwa. Wawili kati yao hawakuchaguliwa getini. Wenzao nao wakakataa kuingia. Magunia yakabaki wazi, na malori yakasubiri. Ndipo meneja akakubali kukaa mezani na chama, mbele ya afisa kazi.

Mwezi uliofuata kila mmoja alipewa mkataba, akaandikishwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Hamisa alisoma wake wote, neno kwa neno, kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Wenzake wakamchagua awe mwakilishi wao.

Mwaka huu mwenzao Zubeda alijifungua. Alipata likizo ya uzazi ya siku themanini na nne, yenye malipo. Aliporudi, hakusimama getini kuchaguliwa. Aliingia moja kwa moja, akaketi kwenye mashine yake. Wanawake wakampigia vigelegele mpaka Shomari naye akacheka.