Jina Lililoitwa kwa Kinanda

"Futa huo wimbo, Kipkemoi!"

"Nifute? Huo ndio utatutoa huku Kimulot!"

"Utatutoa vipi, na hicho kinanda chako kinacheza peke yake?" Rebeccah, mkewe, alirudi nyuma, mkono tumboni. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

"Ni waya tu."

"Waya gani? Betri iko jikoni! Nimeitoa mwenyewe."

Kipkemoi aliinama kuchungulia nyuma ya kinanda. Yeye alikuwa bendi ya mtu mmoja: gitaa ya roki shingoni, kinanda cha umeme mbele, ngoma zikitoka ndani ya kinanda. Vijana wa Sotik walimtania kwamba ameoa mashine. Miaka sita alipiga muziki kwenye harusi na harambee, na mwaka huo wa 1996 alitaka wimbo ambao bendi za Nairobi hazina. Kwao Wakipsigis, mtoto akizaliwa, kina mama humwitia majina ya wazee waliokufa mpaka apige chafya. Hapo wanajua ni nani amerudi. Kipkemoi aliyaita majina hayo juu ya ngoma, akirekodi. Alipomtaja nyanya yake, Kogo Tabutany, chafya ikasikika kwenye kaseti. Chumbani alikuwa peke yake.

Tangu hapo chumba kilinuka tumbaku ya kunusa. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, kinanda kiliguna, kisha vibonye vikashuka kimoja kimoja kana kwamba vidole vikavu vinatafuta kitu, vikapapasa, vikasimama, vikapapasa tena, mpaka Rebeccah akahisi vidole hivyo hivyo vikipita juu ya tumbo lake, polepole, kama mtu anayetafuta mlango.

Walimwita shangazi Dorcus, ambaye ndiye huita majina katika ukoo.

"Watu wanasema ni jini," alinong'ona. "Mimi nasema uliita mtu, akaitika, na hukumpa mwili."

"Sasa nifanye nini, shangazi?"

"Futa jina lake. Kila mahali, mtoto wangu. Ukibakisha hata kidogo, atapitia hapo."

Kipkemoi alifuta kaseti mbele yao. Dorcus akamwaga maziwa kizingitini, akamwomba Kogo akapumzike. Harufu ikaisha. Rebeccah alilala usingizi mzuri, na Kipkemoi hakumwambia kwamba nakala nyingine ya kaseti hiyo ilikuwa imeshapanda basi kwenda kituo cha redio Nairobi.

Jumamosi alasiri, wimbo ulilia kwa redio. Vigelegele vilipanda kutoka mashamba ya chai. Rebeccah peke yake hakucheka.

"Si ulisema umefuta?"

Kabla Kipkemoi hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa Phelis, jirani yao Mkisii, amemshika mkono binti yake mdogo, Nyabate. Mtoto alikuwa akilitazama tumbo la Rebeccah bila kupepesa.

"Baba, nisamehe," Phelis alimwambia Kipkemoi. "Huyu hajui hata neno moja la Kikipsigis. Lakini tangu wimbo wako uishe anakiongea kama mwanamke mzee, na ananivuta nimlete hapa, anasema ni kwake."