Kijana wa Kwenye Kona

Sokoni Bagamoyo siku ya Jumamosi hapapitiki, na katika kusukumana huko Hanadi akamkanyaga kijana mmoja mguu. Alipoinua uso kumwomba radhi, akapigwa na butwaa.

"Wewe! Wewe si wa kwenye kona?"

Kijana akacheka. Ndiye hasa. Kila jioni, taarifa ya habari ikianza kwenye televisheni ya taifa, Ziyad husimama kwenye kona ya kioo na koti lake jeusi, akiyageuza maneno yote kuwa lugha ya alama. Wengi hata hawamtazami. Lakini Mzee Hamood, muuza halua, baba yake Hanadi, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Nchi ina lugha chungu nzima, na yake hakuwahi kuiona mbele ya taifa. Jioni ya kwanza alisogeza kiti mpaka karibu aguse kioo, akalia.

"Koti liko wapi?"

"Leo nimefuata halua, bibie, sikufuata habari."

"Basi twende kwetu. Kuna mtu atazimia kwa furaha."

Mzee Hamood alipomwona aliachia mwiko. Wakazungumza kwa mikono mpaka halua ikaungua, na Hanadi, na buibui lake limejaa unga wa sukari, akajua amekwisha kumpenda.

Simu zikawa haziishi.

"Habibi, leo mikono yako mizito. Baba anasema hujala."

"Mwambie mkwe wangu nimekula."

"Mkwe wa nani? Lete posa kwanza!"

Posa ikaja. Washenga wa Ziyad, kanzu zimenyooka kwa pasi, walimpungia Mzee Hamood mkono, kisha wakamgeukia ami Nasser, mdogo wake, wakaongea naye mwanzo mwisho. Ndivyo watu walivyomfanyia mzee maisha yake yote. Ami Nasser alipoitikia, Mzee Hamood alitikisa kichwa kukataa, akaenda kuzima televisheni.

"Unaijua lugha yake, ukatuma wasioijua!" Hanadi alifoka simuni.

"Mpenzi, mwoaji hajiposei. Desturi..."

"Kila jioni unasema naye nchi nzima ikiona. Leo anaombwa mwanawe, unamwacha akodoe macho!"

Akakata. Siku zikapita, televisheni haikuwashwa, na Hanadi alilia mpaka macho yakavimba.

Ijumaa moja baada ya sala, duka likiwa limejaa, Ziyad akaingia na washenga wale wale. Joto la Bagamoyo, naye amevaa koti jeusi! Safari hii mshenga alimkabili Mzee Hamood mwenyewe, na Ziyad akasimama kando yake, akiigeuza posa yake mwenyewe neno kwa neno.

"Kijana wetu hana mali," alisema mshenga, "na kichwa chake kigumu."

Ziyad akayasema hayo pia kwa mikono. Watu wakacheka. Hanadi naye akacheka, hakuweza kujizuia.

Ami Nasser akafungua kinywa kujibu. Mzee Hamood akamzuia kwa kiganja, akaanza kusema mwenyewe, polepole, na Ziyad akamtolea sauti.

"Mzee anasema, maisha yangu yote mambo yangu yanaamuliwa nimekaa hapa hapa. Leo nimeulizwa. Anasema..."

Sauti ikamkatika. Macho yote yakamgeukia Hanadi.

"Anasema amekubali," akamalizia Hanadi, machozi yakimtiririka. "Na anasema akae ale, mikono imekonda."