Kipande cha Kwanza

Fundi alilikunja gauni, akalikunjua tena. Bega la kushoto halikumpa amani.

Ijumaa hiyo duka lilifungwa na cherehani ilifunikwa. Safari ilikuwa fupi, lakini ya mizunguko. Jumamosi ilikuwa harusi ya mdogo wake. Jumapili alikuwa na ndege nyingine, hadi mji alikolazwa baba yao. Jumatatu angerudi nyumbani. Safari yote aliikatia tiketi moja.

Kitambaa cha gauni la bibi harusi huyo kilikatwa na baba mwenyewe, kabla ugonjwa haujamwangusha. Yeye ndiye aliyemfundisha Fundi kazi. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia, picha hazikumfaa kitu.

"Nitakupigia simu nikueleze, baba," Fundi alimwambia.

"Simu ya nini? Mambo ya nguo hayasemwi kwa simu. Njoo unisimulie lilivyomkaa mabegani. Na usinidanganye, nakujua!"

Uwanja wa ndege ulikuwa umefunikwa na mvua. Ndege ikaahirishwa. Baadaye ikaahirishwa tena. Abiria walikuwa wanapiga kelele, na watoto wanalia. Fundi akampigia mumewe.

"Baba Watoto, harusi itanipita."

"Sasa unangoja nini hapo? Toka, panda basi. Ndege ya Jumapili utaikuta hukohuko."

Maneno hayo yalimwingia akilini. Fundi alibeba lile gauni, akatoka bila kumwambia mtu. Alifika miguu imevimba, lakini harusi haijaanza. Mdogo wake akavaa. Gauni likamkaa hasa! Fundi alilia kwa furaha, akamwekea baba yake habari zote moyoni.

Jumapili alifika kaunta mapema. Mhudumu wa kike alitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mama, jina lako halipo."

"Angalia vizuri, mwanangu. Tiketi si hii hapa?"

"Ijumaa ulipanda ndege?"

"Ilichelewa, nikapanda basi."

"Ulimwambia mtu wa shirika?"

"Nimwambie nani? Kila mtu alikuwa anagomba."

Mhudumu alishusha pumzi. "Pole, mama. Tiketi yako ni moja, lakini ina vipande. Usipotokea kwenye kipande cha kwanza, na hukusema, inahesabiwa kwamba umeacha safari. Vipande vinavyofuata vinafutwa vyote. Mashirika mengi yanafanya hivyo."

"Lakini waliochelewa ni ninyi!"

"Ni kweli. Ndiyo maana ulipaswa kwenda kaunta. Ndege ikichelewa sana au ikifutwa, omba nafasi kwenye ndege nyingine. Ukitaka kwenda kwa njia yako, omba kwanza wakutunzie vipande vilivyobaki. Wakikubali, wakuandikie. Ndipo utoke."

"Baba yangu ananingoja," Fundi alisema.

"Ya leo imejaa, mama. Nitakuweka ya kesho. Kaa karibu, abiria asipotokea nitakuita."

Abiria wote walitokea. Fundi aliiangalia ndege ikiondoka bila yeye. Alimchukia mumewe, akalichukia basi, mwisho akajichukia mwenyewe. Akampigia shangazi yake, aliyekuwa akimuuguza mzee.

"Anakuulizia tu," shangazi alisema. "Anasema, fundi wangu yuko wapi?"

"Mpe simu, shangazi. Nimwambie neno moja tu."

Kisha shangazi akarudi. "Ameikataa. Anasema anakungoja wewe."

Jumatatu, Fundi alikuta kitanda kimetandikwa shuka safi, hakina mtu. Shangazi alimpa kipande kidogo cha kitambaa cheupe, baki la gauni. Mzee alikufa amekishika.

Baada ya mazishi, mdogo wake aliamua kwenda kukaa naye siku chache. Safari yao ilikuwa ya ndege mbili za kuunganisha. Ya kwanza ikaahirishwa.

"Dada, tupande basi," mdogo wake alisema. "Nimechoka na viwanja hivi."

Fundi alisimama. "Kaa na mizigo. Kwanza kaunta."

Hakugomba. Alisema, "Hii ikichelewa, ya pili itatuacha. Tunaomba mtuhamishie, na mtuandikie." Wakahamishiwa. Akauliza na habari ya chakula, wakapewa. Abiria waliomsikia wakapanga foleni nyuma yake. Ndugu hao walifika nyumbani siku ileile.

Walipokuwa angani, mdogo wake alisema, "Kumbe ni kuuliza tu!"

"Ni kuuliza tu," Fundi alijibu, akageukia dirishani.

Alisubiri mdogo wake alale. Kisha akatoa kile kitambaa, akakikunjua kwenye mapaja.

"Lilimkaa, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Bega la kushoto nililiogopa bure."