Unga wa Kurbanali

Saa nne asubuhi, Ijumaa

Hamisa alichora mpango kwa unga wa ngano. Aliunyunyiza juu ya meza ya kusukumia chapati, kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa wake pale Temeke, kisha akapitisha kidole.

"Barabara. Geti. Godauni la Kurbanali. Saa saba wote wako msikitini, tajiri na vibarua wake. Anabaki mlinzi mmoja. Mie nampelekea ubwabwa kama jana na juzi. Akifungua tu, Marijani anaingia."

Marijani, mdogo wake, alikuwa amekalia gunia la mchele akifuta bastola kwa kitambaa cha sahani.

"Ukimaliza hicho kitambaa ukitupe," Hamisa alimwambia. "Nina wateja wanaokula hapa."

"Wateja wako wameshakula vibaya zaidi ya mafuta ya bastola, dada."

Hamisa hakucheka. Alimgeukia dereva. "Badru, unarudi nyuma na pikapu mpaka mlangoni. Mapipa matatu ya plastiki, ya bluu. Tunapakia, tunatoka. Mnunuzi anatungoja Kibamba. Karani wa stoo je?"

"Yuko likizo wiki nzima. Ni mpangaji wetu, dada, tunalala nyumba moja. Mie nisijue?"

"Na mzigo ni unga."

"Ni unga. Mie ndiye niliyeupeleka pale."

Hakusema uongo, ndiyo maana ulimi haukumkwama. Badru alikuwa dereva wa wakala wa forodha. Yeye ndiye aliyeyatoa mapipa yale bandarini na kuyafikisha kwenye godauni hilo, Kurasini. Kuli mmoja alisikia bei ya kilo moja, tena kwa dola, akaja kula kwa Hamisa na kunong'ona kwamba Kurbanali kaingiza unga. Mwaka ule wa tisini na nane, Temeke, ukitaja unga kwa kunong'ona hakuna aliyefikiria ugali.

Badru alijua zaidi. Aliyempokea siku ile ni Samina, binti wa Kurbanali aliyesomea Ulaya, na Badru alimwuliza ni kitu gani kinachonuka namna ile.

"Brokoli," Samina alisema. "Mboga, ndugu yake koliflawa. Ndani yake mna kitu wanakiita salforafeni. Huko Marekani wamekijaribu maabara kwa panya, inaonekana saratani haikipendi. Sisi tutakijaza kwenye vidonge vya lishe. Lishe tu, kaka, si dawa."

Neno saratani liliingia kichwani mwa Badru. Mengine yalibaki nje.

Kwao Tandika, mama yake, Bi Zubeda, alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari alitaka kulikata titi hilo Jumatatu, naye Bi Zubeda alikuwa amekataa tangu mwanzo. Nitazikwa na viungo vyangu, ndivyo alivyojibu, akaendelea kuchambua mchele. Badru alitaka kopo moja tu la unga ule. Aliomba, Samina akamwambia haujapimwa na hauwezi kutoka. Basi akawaacha Hamisa na nduguye waamini walichopenda kuamini. Peke yake asingelipita geti lile.

Saa saba mchana

Adhana ilikuwa imekwisha. Kurasini ilikuwa na malori yaliyosimama na mbwa waliolala chini yake.

Hamisa alifika getini na hotipoti kichwani. Mlinzi alifungua akitabasamu, na hapo hapo akauona mdomo wa bastola ya Marijani.

"Kula baadaye, mzee wangu," Marijani alimwambia. "Lala chini kwanza."

Badru aliirudisha pikapu, kofia imemfunika mpaka nyusi. Mapipa yalikuwa palepale alipoyaacha. Marijani alichomoa kisu, akabandua kifuniko cha pipa la kwanza, akainamia.

Akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Huu ni wa kijani."

Hamisa alisogea. Harufu ilikuwa ya kabichi iliyochemka ikasahaulika sufuriani. "Badru?"

Badru aliivuta kofia chini zaidi. "Wamechanganya na mboga, dada. Makusudi. Mbwa wa bandarini wasinuse."

Hamisa aliutazama unga, akamtazama yeye. Kisha akaguna kwa kumstahi tajiri. "Huyu Kurbanali ana akili. Pakieni."

Ndugu wawili walipobeba pipa la pili, Badru alitoa kopo la maziwa alilolificha chini ya shati, akalijaza unga wa lile pipa lililofunguliwa, akalifunika na kulisukuma chini ya kiti cha dereva. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa.

Felicitas, karani wa stoo, alisimama pale na chupa ya chai mkononi. Hakuwa likizo. Aliwaona Hamisa na Marijani wamelishika pipa, kisha macho yake yakapenya chini ya kofia ya dereva.

"Badru?" alisema. Hakuonekana kuogopa, bali kama mtu aliyekuwa akimtafuta. "Ulilala wapi jana? Badru, mama ame—"

Marijani alimpiga mdomoni kwa kitako cha bastola. Chupa ilipasuka. Felicitas alianguka juu ya chai na vigae.

"Kakujua," Marijani alisema, na akaielekeza bastola kichwani mwake.

"Muache." Badru alijikuta amesimama katikati. "Ukipiga risasi hapa, msikiti mzima utageuka. Mfungie chooni."

"Kakujua, ishu imeharibika."

"Mie ndiye niliyejulikana, si wewe. Mfungie."

Walitazamana. Hamisa ndiye aliyeamua. "Chooni. Haraka."

Saa nane na nusu

Mvua za El Nino zilikuwa zimeila Barabara ya Morogoro mpaka mifupani. Baada ya Kimara, Badru alikwepa mashimo kwa mazoea ya mikono tu. Kichwa kilikuwa kwingine.

Mama ame—. Ame nini? Amezidiwa. Ameanguka. Amefariki. Alilisukuma neno la mwisho, likarudi.

"Ulisema yuko likizo," Hamisa alisema pembeni yake.

"Nilijua hivyo."

"Na mama yako kafanya nini?"

"Sijui. Nduguyo hakumwacha amalize."

Walifika Mbezi. Hamisa akasema taratibu, "Tukimaliza, nenda kamwone. Pikapu nitaitafutia mtu." Yalikuwa maneno ya huruma, na yalimuuma Badru kuliko matusi.

Kibamba, mnunuzi alikuwa ndani ya pagala lisilo na bati, pamoja na kijana mmoja aliyesimama mikono mfukoni. Hakusalimia. Alitia kidole ndani ya pipa la kwanza lililoshushwa chini, akakilamba. Akalamba tena. Akatema.

"Nani kakuambia huu ni unga?"

"Wamechanganya na mboga," Hamisa alisema. "Kwa ajili ya mbwa."

"Mama, hii ni mboga iliyochanganywa na mboga." Mnunuzi alijifuta kidole kwenye suruali. "Umeniita porini mchana kweupe kunionjesha kabichi. Ni ujinga, au kuna polisi nyuma yako?"

Badru hakuwa ameshuka, wala hakuwa amezima injini. Hamisa alipogeuka, aliliona hilo. Badru alimwona akiitazama pikapu inayotetemeka, kisha uso wake, na akajua ameelewa.

"Badru. Ulijua."

"Niliwaambia ni unga, dada. Ni unga."

Marijani alikuwa mwepesi wa hasira siku zote. Alichomoa bastola, haikujulikana amlenge dereva au mnunuzi. Kijana wa mnunuzi alitoa mkono mfukoni. Milio miwili. Marijani alikaa chini kwa upole, mgongo ukiegemea pipa, shati likibadilika rangi.

Hamisa alikimbilia pikapu. Alishika kitasa cha mlango. "Fungua. Badru, nifungulie."

Uso wake ulikuwa karibu kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo. Kitufe cha mlango kilikuwa pale, mkono mmoja tu kukifikia. Badru alikanyaga mafuta. Vidole vya Hamisa viligonga bodi mara moja, mara ya pili, vikaachia. Mlio mwingine ulisikika nyuma. Hakutazama kioo.

Saa kumi na moja jioni

Bi Zubeda alikuwa hai. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ukumbini akikunja kanga na kuzipanga ndani ya mfuko wa plastiki. Badru alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ulilala wapi?"

"Kazini. Mama, nimekuletea dawa."

Aliingia jikoni, akakoroga vijiko vitatu vya unga kwenye kikombe cha uji. Uji ulikuwa wa kijani kama maji ya mtaro. Bi Zubeda aliupokea, akaunusa.

"Kabichi."

"Dawa, mama. Imetoka Marekani. Inaua saratani, bila kisu. Kunywa."

"Nimekulisha kabichi miaka yote, leo unanirudishia iliyosagwa." Lakini alikishika kikombe, macho yakiwa kwenye mkono wa mwanawe. "Hiyo damu ni ya nani?"

Badru alitazama. Ilikuwa kwenye kiwiko. Ilikuwa ya Felicitas, tangu walipomburuta chooni.

Gari lilisimama nje. Waliingia askari wawili, na nyuma yao Felicitas, pamba na plasta zikifunika nusu ya mdomo. Hakuhitaji kuwaonyesha chumba, lakini aliingia.

"Bi Zubeda, nisamehe," alisema kwa shida. "Niliwaambia anakaa hapa."

Bi Zubeda aliutazama ule mdomo. Kisha kikombe. Kisha mwanawe, ambaye tayari alikuwa na pingu.

"Feli, hii ni dawa?"

"Ni mboga, mama. Ndivyo tutakavyoandika kwenye makopo ya vidonge. Si dawa."

"Kunywa tu, mama," Badru alisema. Askari alimvuta. "Kunywa. Felicitas, ulitaka kusema nini pale? Mama amefanya nini?"

Felicitas alimtazama Bi Zubeda. Aliyejibu ni Bi Zubeda, huku akikiweka kikombe sakafuni, mbali na mkeka.

"Nimekubali, Badru. Jana usiku nimekubali kukatwa. Nilikukalia macho nikuambie, hukurudi. Feli huyu akakatisha likizo, akaenda kazini leo, ili Jumatatu wampe siku ya kunisindikiza hospitali." Alivuta kanga nyingine, akaikunja. "Nilikuwa nataka uwe wewe."