Chumba cha Saba cha Shule ya Jumbe

Mimi ni André Kalunga, mwana wa mwalimu Placide Kalunga, mjukuu wa katekista Jumbe Kalunga wa Moba, kando ya Ziwa Tanganyika. Jumbe alifundisha watu kusoma kwa miaka thelathini, na baba yangu akaishika chaki mwaka ule ule mzee alipoiweka chini. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa mbele ya baraza kwa wizi au udanganyifu. Nayataja majina haya kwa sababu yanastahili kutajwa. Na pia kwa sababu mwaka 2018, hapa Johannesburg, mwizi alitaja mojawapo, nasi tukamfungulia mlango.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Troyeville, juu ya duka la fundi cherehani. Kila siku mjukuu wangu Shekinah, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni, akaniamkia, kisha akaichukua simu yangu. Macho yangu yalikuwa hayaziwezi tena herufi ndogo. Yeye alinisomea habari za kundi la WhatsApp la kanisa letu, mimi nikatoa majibu, naye akayaandika. Msimamizi wa kundi nilikuwa mimi. Vidole vilikuwa vyake.

Kundi lile lilikuwa na sheria moja. Mgeni hakuingizwa kabla hajasimama kanisani siku ya Jumapili, akataja kwao na wazazi wake, na watu wawili wakasema, "Huyu twamjua." Sheria hiyo niliiandika mwenyewe, kwa maana wengi wetu tumetoka mashariki ya Kongo, na tunaishi hapa kwa karatasi za hifadhi. Mtu asiye na karatasi hiyo hapati kazi, na askari akimsimamisha njiani hana la kumjibu.

Tena nilikuwa na desturi ya kurekodi ujumbe wa sauti kila Jumapili jioni, nikiwasimulia vijana habari za wazee wetu. Watu waliupeleka ujumbe huo kutoka kundi hadi kundi, mpaka kwa watu nisiowajua kabisa, nami nilifurahi sana. Jumapili moja nilisema kwamba Jumbe alijenga kwa mikono yake shule ya vyumba saba. Tulipokaa kula, mke wangu aliweka kijiko chini.

"Baba, vyumba vilikuwa vinne. Nilisoma mle."

Shekinah alicheka. Nilimtazama, akanyamaza.

"Nitasahihisha," nilisema.

Sikusahihisha.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, ujumbe wa sauti uliingia katika simu yangu kutoka kwa mtu aliyejiita Ndugu Octave. Alizungumza Kiswahili cha kwetu, taratibu na kwa heshima. Alisema ametokea Moba, kwamba bibi yake alizaliwa katika ukoo wa Jumbe, "yule mzee aliyejenga shule ya vyumba saba kwa mikono yake," na kwamba sasa anawasaidia ndugu kupata karatasi mpya bila kulala kwenye foleni. Aliomba kuingia kundini.

"Mwingize," nilimwambia Shekinah.

"Babu, hajasimama kanisani."

"Huyu ni damu yetu. Utamsimamisha mtu wa nyumbani kama mgeni?"

Shekinah aliinamia simu. Kisha akamwingiza. Nami nikarekodi maneno haya: "Ndugu zangu, huyu namjua. Mpokeeni."

Siku mbili zilipita. Mtoto hakula vizuri. Nilimuuliza kama ana tatizo shuleni, akatikisa kichwa. Alhamisi alasiri nilikuwa nikisoma Biblia yenye maandishi makubwa, naye ameketi karibu na dirisha, daftari likiwa limefungwa. Ndipo Exaucé, mtoto wa jirani yetu na rafiki wa Shekinah wa darasa moja, akaingia akihema kwa kupanda ngazi.

"Shikamoo, Babu. We Shekinah, leo husomi meseji za wazee? Umefukuzwa kazi?"

"Niache."

"Eish, una hasira! Mimi nina furaha. Mama amekwenda Jeppe kupeleka karatasi zetu. Ndugu Octave amesema dereva wake yuko nje ya kituo cha treni saa kumi. Jana amechukua ya kaka Ruphin wa kanisani."

Shekinah alisimama ghafla, daftari likaanguka.

"Amepeleka karatasi zenyewe? Si nakala?"

"Zenyewe. Bila hizo hawezi kutoa mpya."

Mjukuu wangu alinigeukia. 

"Babu, usinikasirikie. Yule mtu alisema vyumba saba."

"Naam?"

"Bibi alisema ni vinne. Hiyo saba umeisema wewe tu, kwenye simu. Kama kweli ametoka kwetu, angejua. Nilijua tangu Jumanne, Babu. Niliogopa."

Mke wangu alitoka jikoni, mikono imejaa unga.  Alinitazama tu, na macho yale sitayasahau.

Niliichukua simu. Nikamwambia Shekinah ampigie yule mtu, nikazungumza naye kwa upole.

"Ndugu Octave, samahani kukusumbua. Pale Moba, wewe ulisoma katika chumba kipi cha shule ya mzee Jumbe?"

"Cha saba, mzee wangu," alijibu bila kusita. "Bado nakumbuka dirisha lake, lilitazama ziwa."

Nilikata simu. Chumba kile hakikujengwa kwa tofali hata moja. Nilikijenga kwa mdomo wangu, na sasa mwizi ameketi ndani yake.

Exaucé alimpigia mama yake mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa. Mama Exaucé huizima kila atokapo, akaifunga ndani ya kitenge, kwa kuwa ameshanyang'anywa simu mbili barabarani. Shekinah aliandika haraka katika kundi, kwa herufi kubwa, MSIMPE MTU YEYOTE KARATASI, akamwondoa Octave. Lakini mama yule hangeweza kuusoma ujumbe huo. Ilibaki miguu yetu.

Tuliteremka kuelekea Jeppe, watoto mbele, mimi na fimbo yangu nyuma. Tulipofika kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, ilikuwa nyekundu na magari yalikuwa mengi. Exaucé alitaka kuvuka.

"Subiri!" nilimkemea. "Unataka kumwongezea mama yako msiba mwingine?"

Alisimama huku akilia. Ilikuwa imebaki dakika tano kufika saa kumi.

Nje ya kituo tulimwona Mama Exaucé kando ya gari jeupe. Kijana mwenye kofia, aliyeketi kwenye usukani, alikuwa ameinamia dirisha, na mama huyo alikuwa amekwisha kutoa bahasha ya plastiki kutoka kifuani. Mkono mmoja wa kijana ulikuwa tayari umeishika pembe.

"Mama Exaucé, usimpe!" Shekinah alipiga kelele hata wanawake waliouza nyanya wakageuka.

"Kuna nini, mzee?" kijana aliniuliza nilipofika, akitabasamu. "Bosi amenituma tu."

"Mwambie bosi wako kwamba shule ya Jumbe ilikuwa na vyumba vinne. Achia bahasha."

Wauza nyanya walikuwa wamesogea. Kijana aliwatazama, akaachia, akaondoa gari kwa kasi. Mama Exaucé aliketi pale pale chini, bahasha ameikumbatia. Mwanawe alimshika shingo. Shekinah alikuwa akiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu: namba ya gari.

Tuliipeleka namba ile polisi jioni hiyo hiyo, tukaenda na Ruphin. Lakini karatasi ya Ruphin ilikuwa imekwenda. Alikuwa mlinzi katika ghala, na tajiri wake hakukubali mtu asiye na karatasi. Alizunguka ofisini wiki kumi na moja, akilala kwenye foleni, kabla ya kupata nyingine, na muda huo wote alikula mezani petu. Siku ya kwanza nilimwomba msamaha. Alijibu bila ukali:

"Mzee, nilikuwa na shaka kidogo. Niliposikia sauti yako, sikuuliza tena."

Jumapili nilisimama kanisani, mahali ambapo wageni husimama. Nilitaja jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Nikasema vyumba vilikuwa vinne, na kwamba niliivunja sheria niliyoiandika kwa sababu mtu alinisifia ukoo. Halafu nikamwita Shekinah mbele, nikampa simu mikononi mbele ya watu wote.

"Kuanzia leo, mtoto huyu akiniambia 'Babu, hapana,' nitasikiliza," nilisema.

"Na nisiposema?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndipo nitakapokukasirikia."

Baadhi ya watu walicheka. Ruphin hakucheka, nami sikumlaumu.

Ninyi mnaosoma, nisikilizeni vizuri, kwa maana simu sasa ziko mikononi mwenu zaidi kuliko mwetu. Mtu asiyeonekana uso anaweza kujua jina la babu yako, kijiji chako na wimbo wa kanisa lako, kwa sababu sisi wenyewe tumeyatangaza. Kuyajua hayo hakumfanyi kuwa ndugu. Asiingizwe kabla hajajulikana, na karatasi ya mtu isitoke mkononi mwake kwa ahadi ya simu. Mkiona kosa, semeni siku hiyo hiyo, hata kama anayekosea ni mzee mwenye fimbo na sauti kali. Shekinah alichelewa siku mbili, nami ndiye niliyemfundisha kuogopa. Siku mbili hizo Ruphin alizilipa kwa wiki kumi na moja. Ninawaagiza: msichelewe.